Video za darasani: wanafunzi wanatulia tuli, maswali hawajibu. Tatizo ni urefu?

MwlBaiolojia
Habari za kazi walimu. Nafundisha baiolojia sekondari, darasa la wanafunzi 48. Kwenye mada ya moyo na mzunguko wa damu naonyesha video ya dakika 11 kwa projekta. Wote wanatulia, lakini nikiuliza damu ikitoka ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kulia inaelekea wapi, wanaojibu ni wachache. Halafu sauti inatoka kwenye laptopu tu, walio nyuma hawasikii. Nimeambiwa video isizidi dakika 6. Nikipunguza urefu itatosha?

ChakiNyeupe
Mwalimu, kupunguza urefu peke yake hakutoshi. Ukimya unaonyesha tu kwamba macho yao yapo kwenye skrini, basi. Mwanafunzi asiyejua anatafuta nini ataangalia rangi na mwendo, na video haimsubiri.

Kutoka kwenye hizo dakika 11 chukua vipande viwili: moyo unavyojaa na kusukuma, kisha safari ya damu kwenda mapafuni na kurudi. Kila kimoja sekunde 60 hadi 120. Kabla ya kuwasha, andika ubaoni swali moja tu, ambalo jibu lake linaonekana kwenye picha. Mfano: "Ukuta wa ventrikali ipi ni mnene zaidi?" Mara ya kwanza onyesha kipande bila sauti. Simamisha kabla ventrikali hazijasinyaa, kila mmoja aandike vali (milango inayozuia damu isirudi nyuma) zipi zitafunga na damu itaelekea wapi, ndipo uendelee. Mara ya pili weka sauti. Karatasi yenye mchoro wa moyo wa kujaza mishale igawe baada ya kusimamisha. Ukiigawa mapema watainamia karatasi na kukosa picha.

Kipande cha dakika 2 kikifanyiwa hivyo hula dakika 10 hadi 12 za kipindi. Kwa hiyo viwili vinatosha, usiweke cha tatu.

Sasa hilo swali lako la ventrikali ya kulia. Mchoro wa moyo huchorwa kama mtu aliyekutazama, kwa hiyo upande wake wa kulia uko kushoto mwa skrini. Usipolisema hilo kabla, nusu ya darasa wataifuata ventrikali isiyo yenyewe. Na zile rangi za michoro, nyekundu kwa damu yenye oksijeni nyingi na buluu kwa yenye oksijeni kidogo! Buluu inawafanya waamini damu yenye oksijeni kidogo ni ya buluu, wakati ni nyekundu iliyokolea. Tena wanakariri kwamba ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) zote ni nyekundu, kisha wakikuta ateri ya mapafu imepakwa buluu wanaiita vena (mshipa unaorudisha damu moyoni).

WayaMweusi
Kwenye sauti: angalia waya unaounganisha projekta. VGA (waya wa zamani wa picha) haibebi sauti hata kidogo, hivyo chukua waya wa sauti kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye spika. HDMI (waya mpya zaidi) inabeba, ila mara nyingi laptopu huipeleka kwenye kispika kidogo cha projekta. Bofya alama ya spika kwenye kompyuta, uchague sauti itokee wapi. Spika ziweke katikati ya chumba au nyuma, maana zikiwa mbele utawapigia kelele wa mbele ili wa nyuma wasikie.

Kukata kipande, kama unatumia ffmpeg (programu ya kuhariri video kwa kuandika amri):

`ffmpeg -ss 00:02:10 -i moyo.mp4 -t 90 -c:v libx264 -c:a aac kipande1.mp4`

Hapo kinaanza dakika ya 2 na sekunde 10, kinadumu sekunde 90. Wengi hutumia `-c copy` (kunakili video bila kuichakata upya) kwa kuwa ni haraka, lakini njia hiyo haikati mahali popote unapotaka, na mwanzo huweza kusogea sekunde kadhaa au picha ikaganda. Ubora wa 720p unatosha kwa projekta. Kwa megabiti 2 kwa sekunde, kipande hicho ni kama MB 23. Hifadhi kwenye laptopu, usitegemee intaneti wakati wa kipindi. Ukifungua kwa VLC (programu ya kuchezea video), herufi E inasogeza picha moja moja, inafaa sana kwenye vali.

Mtaala_Wazi
Hizo dakika 6 zinatokana na utafiti wa Guo, Kim na Rubin wa 2014 kuhusu video za kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni. Walipima watu wanaotazama mtandaoni kwa hiari, wanaoweza kufunga ukurasa wakichoka. Darasani hakuna anayefunga ukurasa, kwa hiyo namba hiyo usiichukue kama sheria.

Nikiongezea: manukuu (maandishi ya maneno ya msimulizi chini ya picha) washa ikiwa lugha ya msimulizi inawapa shida. Wakiielewa vizuri, yazime, la sivyo watasoma maandishi na kuacha mchoro.

MwlBaiolojia
Asanteni sana. Waya wangu ni VGA kweli. Je, video ikiwa inacheza naweza kueleza juu yake?

ChakiNyeupe
Ile mara ya kwanza isiyo na sauti, ndiyo, kwa maneno machache huku ukionyesha kwa kidole au fimbo. Msimulizi akiwa anaongea, nyamaza. Ukiwa na la kusema, simamisha kwanza.