Mjadala: Kibao cha juu ya mlango nacho ni bango la kulipiwa?

Fundi cherehani (mwanzisha mada), Dar es Salaam

Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita wamepita vijana wawili wa halmashauri na futi kamba. Wamepima kibao changu: bati la futi nne kwa mbili, limepigiliwa juu ya mlango wa fremu, jina la ofisi, namba ya simu na picha ya cherehani. "Futi za mraba nane, mama. Hili ni bango, unatakiwa kibali na ada ya mwaka."

Nikawaonyesha duka la jirani. Kuanzia msingi hadi bati, nyekundu tupu, rangi ya kampuni ya soda. Jina la mangi mwenyewe limebanwa pembeni, ukitaka kulisoma uiname. Wakasema hilo kampuni imeshalipia.

Leseni ya biashara ninayo na jina ni hilohilo. Sasa kuliandika jina langu kwenye ukuta ninaoulipia kodi ni kutangaza, au ni kumwonyesha mteja mlango?

Mstaafu wa halmashauri

Dada, nakuelewa, lakini nimekaa kwenye vikao hivyo. Kila mtu chake anakiita "kibao". Nimeona "kibao" kimefunika dirisha la jirani, kingine kimening'inia usawa wa paji la uso wa mpita njia. Bila kibali na vipimo, mtaa mzima unageuka ukuta wa matangazo.

Na hela ile usiibeze. Mabango ni mapato ya ndani, na asilimia 10 ya mapato ya ndani ndiyo mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu: nne, nne, mbili. Wewe ni mlengwa.

Fundi cherehani

Kwa hiyo nitoe hela, halafu nijiunge na kikundi nikopeshwe hela yangu mwenyewe? 😂 Sawa, baba.

Mchora mabango

Mimi ndiye ninayewachapia flex (turubai la mabango), niongee. Ada haisumbui sana. Shida ni kwamba huyu anakupa kibali na yule anakuja kung'oa. Mteja wangu alilipa halmashauri moja (siitaji), risiti anayo, tukasimamisha bango la nguzo mbili, zege tukamwaga. Siku ya nne watu wa barabara wakalilaza chini: limo ndani ya hifadhi ya barabara. Barabara kuu na za mkoa hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Afisa aliyegonga muhuri hakwenda kupima, na mteja hakujua kama kuna wa pili wa kumuuliza. Hela haikurudi. Zege bado lipo pale, watoto wanalikalia.

Ndiyo maana siku hizi kazi ya nguzo siigusi kabla mteja hajaniambia barabara ni ya nani. TANROADS, wa barabara kuu na za mkoa, ni mlango mmoja; TARURA, wa barabara za mijini na vijijini, mwingine; halmashauri wa tatu.

Mchangiaji wa Morogoro

Na yule mganga wa "rudisha mpenzi" kwenye kila nguzo ya umeme, ada yake anapimiwa na nani? Au kibali kimetoka kwa wahenga?

Mstaafu wa halmashauri

Huyo hata namba akikupa, ukipiga anakwambia lete kuku kwanza.

Ila turudi. Msamaha si jambo geni. Mwaka 2017, bajeti ileile iliyohamishia ukusanyaji wa ada za mabango kwa mamlaka ya mapato, TRA (baadaye ukarudi halmashauri), ilifuta ushuru kwa vibao vinavyoelekeza huduma za jamii, kama shule na hospitali. Tatizo ni mpaka uuweke wapi. Ukimsamehe fundi cherehani, kesho hoteli nayo itasema inaelekeza tu.

Fundi cherehani

Mpaka upo, baba. Kibao kimoja, kimelala bapa ukutani, hakizidi upana wa mlango, kina jina la kwenye leseni tu: kiingie kwenye leseni, yaishe. Kikisimama kwenye nguzo, kikiwaka taa, au kikibeba nembo ya kampuni nyingine, hapo ni tangazo, na mwenye nembo alipe.

Mwenye duka (Mangi)

Dada angu, ukiwabana hao hawatupaki rangi tena. Mimi hiyo nyekundu imeniokoa ndoo tatu za rangi.

Mstaafu wa halmashauri

Pendekezo nimelipenda, nisiwe mnafiki. Lakini hebu nijibu: hiyo picha ya cherehani kwenye kibao chako, ina maandishi ubavuni?

Fundi cherehani

Jamani... Ina "Singer". Mchoraji aliiga cherehani yangu ilivyo, na hakuna aliyenilipa hata mia.

Mchora mabango

Hapo sasa 😂

Fundi cherehani

Kesho natafuta kopo la rangi nyeusi. Maandishi yatafutika, cherehani inabaki.