Naomba ushauri: treni au kempa?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Marafiki tuliopotezana miaka mingi tumepanga kukutana, na mimi natakiwa kuvuka nchi nzima, sasa nimekwama kati ya treni na kukodi kempa, yale magari yenye kitanda na jiko ndani. Treni naipendea unalala huku safari inaenda, ila ikichelewa na una nyingine ya kuunganisha ndo imekula kwako. Kempa nasimama ninapotaka, lakini ni zito, linakunywa mafuta, breki hazikamati haraka kama gari dogo na dereva ni mimi peke yangu siku tatu mfululizo, usingizi barabarani nauogopa sana jamani. Aliyewahi kusafiri hivi, ulikuwa unaendesha masaa mangapi kwa siku?