Nimeambiwa sina adabu kwenye setilaiti, kisa salamu. Naombeni ushauri

Kibatari94
Wakuu, habari za jioni. Naombeni mnisaidie, roho haijatulia.

Leseni ya redio za ridhaa (redio za kujifurahisha, si za biashara) ninayo toka mwaka jana, nipo Tanga, gridi KI94, yaani msimbo wa eneo langu kwenye ramani ya wanaredio. Nina redio moja ya mkononi ya wati 5 na antena ya Yagi, ile ya vijiti inayoelekezwa upande mmoja, niliyojitengenezea kwa futikamba na bomba la maji. Juzi magharibi Kituo cha Anga cha Kimataifa kimepita juu yetu, ripita yake, mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena, imewashwa: masafa ya kupanda ni megahezi 145.990 na toni ya hezi 67, ya kushuka ni 437.800. Nikasikia mzee wa Mombasa anaita. Kwa Kiswahili! Nilikuwa sijawahi kusikia Kiswahili kikishuka kutoka angani. Nikamjibu: shikamoo mzee, habari za Mombasa, za afya, mvua zimefika huko? Nikajitambulisha, nikamweleza na habari za antena. Naye akaniitikia vizuri tu.

Usiku mtu mwingine kabisa akaniletea ujumbe kwamba nimeikalia ripita peke yangu na sina adabu. Mimi nimelelewa kwamba humwelezi mtu mzima shida yako kabla hujamwamkia. Sasa hapo adabu ipi iliyonishinda? Au roho mbaya tu?

Kaskazi_Mzima
Kilikaa juu dakika ngapi, na wewe ukaongea ngapi?

Kibatari94
Kumi hivi. Mimi labda tatu. Haya, nne.

Kaskazi_Mzima
Basi huyo aliyekuandikia amekustahi sana 😄

BibiAntena
Mwanangu, waliokulea hawakukosea, ila pale hamkuwa wawili. Ripita ya FM ni kama kipaza sauti cha harusini: kipo kimoja, na wenye nasaha wamepanga foleni. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, mwenye nguvu ndiye anayetoka, mnyonge anamezwa. Wakilingana nguvu, wote tunaambulia mluzi. Na kituo kile kikipita huku kwetu, kuna dakika kinaonwa pia na watu wa Madagaska, Réunion na Morisi. Wa Johannesburg huenda anakichungulia kwenye upeo tu, dakika mbili tatu, kisha kimezama. Hizo ndizo dakika ulizomuulizia mzee habari za mvua.

Lakini mimi nina swali jingine. Ulipokuwa unaongea, ulikuwa unajisikia?

Kibatari94
Hapana bibi. Redio ni moja, nikibonyeza inanyamaza.

BibiAntena
Ndipo lilipo tatizo, wala si shikamoo. Umebonyeza, ukawa kiziwi. Huenda Morisi alikuwa anaita muda wote huo na wewe hukujua. Tafuta redio ya pili, hata mbovu ya kupokelea tu, ilimradi inafika 437. Vaa hedifoni, maana bila hedifoni sauti yako itashuka, iingie tena kwenye maiki, na mtapiga yowe mpaka Madagaska. Skwelchi, kile kinachonyamazisha redio ishara ikiwa dhaifu, ifungue kabisa. Anza kusikiliza kwenye 437.810 kituo kikichomoza, shuka kidogo kidogo mpaka 437.790 kikizama, hiyo ni Doppler, masafa kubadilika kwa sababu kituo kinakwenda kasi. Masafa ya kupandia yaache hapo hapo. Sauti ikififia, zungusha kiwiko, geuza antena kama mtu anayefungua kitasa.

Na kama hukisikii kituo, usibonyeze. Kuna watu hewani wanapuliza maiki, "halo, halo, moja mbili", wanapima kama wamefika. Wamefika, ila kwa kumkanyaga mwenzao.

Ukiitwa: kolsaini (jina la kituo lililoko kwenye leseni) yake, yako, gridi, basi. Akikuthibitishia, 73. Hiyo 73 ni salamu za heri tangu enzi za simu za maandishi, kwa hiyo usiseme tumekunyima salamu. Kuandika kwenye daftari ni baadaye. Acha simu irekodi.

Otis_KI88
Boss, lakini Tanga na Mombasa? Hiyo si mtu anapiga simu tu?

Mkwezi wa Pangani
Napinga kidogo. Mnampa kijana sheria za Ulaya, ambako watu hamsini wanagombea ripita moja. Huku kwetu kituo mara nyingi kinapita kapa, hakuna mtu hewani. Mimi nimeita saa kumi alfajiri wiki nzima, sikujibiwa hata na popo. Kama pamenyamaza, amkianeni, ndiyo Waswahili tulivyo. Ila baada ya kila sentensi achia kitufe, hesabu mpaka tatu, pengine kuna anayebisha hodi.

BibiAntena
Hapo kwenye kuhesabu mpaka tatu nakuunga mkono. Lakini huwezi kujua kama ni kapa wakati masikio umeziba.

Mswahili_Maskati
Assalaam alaykum. Wenye hamu ya maongezi wahamie QO-100, setilaiti nyingine ya wanaredio wa ridhaa. Hii haipiti, imesimama nyuzi 25.9 mashariki, kama kilomita 36,000 juu, toka 2018. Tanga iko karibu utosini. Unapanda 2400 MHz, unashuka 10489 MHz, na dishi la zamani la televisheni linatosha kupokelea. Nafasi ni kilohezi 500, kwa hiyo mtu akiulizana habari za watoto na mwenzake hamkeri yeyote.

Adabu ya kule ni nguvu. Sauti yako isiizidi bikoni, ishara ya kupimia inayorushwa na setilaiti yenyewe, na FM hairuhusiwi, ni kama SSB (sauti inayokula nafasi ndogo ya masafa) na msimbo wa Morse. Ukizidisha, mtambo unaoitwa LEILA unakupigia king'ora juu ya masafa yako, kila mtu anasikia. Mimi nimepigiwa siku ya kwanza. Aibu yake acha tu. Anza kwa kusikiliza kwenye kivinjari, kuna kipokezi cha Goonhilly, Uingereza, ni bure.

Kibatari94
Marejesho, wakuu. Nimeazima redio ya pili kwa shemeji, na hedifoni zake zinazosikika upande mmoja. Leo alfajiri nimejisikia kwa mara ya kwanza. Kumbe naongea karibu mno na maiki, nilikuwa nasikika kama niko ndani ya pipa.

Morisi aliita. Kolsaini yake, yangu, KI94. Akarudisha LG89. 73. Nimepima kwenye rekodi: sekunde 14.

Mzee wa Mombasa naye alikuwepo. Alitoa kolsaini na gridi tu, nami nikatoa vyangu, nikauma ulimi. Kituo kilipozama nikampigia simu kumwamkia. Tumeongea dakika arobaini, na mvua bado hazijafika.