Mrejesho: mama, kisukari na kupunguza uzito

Habari zenu wakuu. Niliuliza jinsi ya kumshawishi mama, mwenye kisukari aina ya pili, apunguze uzito. Alikuwa anasema dawa zinatosha, na akikonda watu watadhani amezidiwa. (Hofu hiyo ina msingi: sukari isiyodhibitiwa nayo hukondesha.)

Nilifuata ushauri wa kuacha kumhubiria, nikamwachia mtaalamu wa lishe. Huyo hakutaja unene kabisa. Alimpa lengo la asilimia 5 ya uzito wake, akamweleza kwamba mafuta yakipungua kwenye ini na kongosho, insulini ya mwili hufanya kazi vizuri zaidi. Hapo ndipo mama aliposikiliza. Daktari naye alimpunguzia dozi ya insulini mapema ili sukari isishuke kupita kiasi, hilo msilipuuze.

HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi miwili hadi mitatu) imeshuka. Uzito ulipungua, kisha ukagoma. Kuandika kila anachokula kulimshinda, na mazoezi kayakataa katakata. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza mlionielekeza, uliojaribu kurudisha nyuma kisukari aina ya pili kwa kupunguza uzito, ulimvutia, ila haukuhusisha wanaotumia insulini, na lengo lake la kupunguza kilo 15 anasema ni la vijana.

Asanteni sana, hasa mliosema nimsikilize kwanza.