Mabirika ya Tawila, Aden: mbona yako juu korongoni na siyo mjini?

Kibaraza_cha_nje:
Wakuu salama? Nimekutana na picha za yale mabirika ya zamani ya Aden kule Yemen, yani mwamba umechongwa ukapigwa lipu, yanashuka kingazi ngazi katikati ya majabali makavu. Sasa mji uko chini, kwa nini watu wahangaike kujenga huko korongoni? Na nani alijenga, maana kila nikisoma napata jibu jingine.

nahodha_mstaafu:
Huko ndo maji yanakopita mkuu. Crater, mji wenyewe wa zamani, umekaa ndani ya volkano iliyozimika, umezungukwa na mlima Jabal Shamsan. Mvua ni ya nadra ila ikinyesha inanyesha kwelikweli, mwamba haunywi, basi yote inateremka Wadi Tawila, hilo korongo lenyewe, kwa mara moja. Birika la juu linapokea kishindo, mawe na mchanga vinatuama, likijaa linamwagia la chini yake, hivyo hivyo mpaka bondeni. Mji unapata akiba na hausombwi. Lipu waliichanganya na jivu la volkano, inashika kama saruji.

Aliyejenga hajulikani kwa hakika, wengi wanawataja Wahimyari, watawala wa kale wa Yemen kabla ya Uislamu, na watawala wa baadaye wakawa wanakarabati. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita Aden karibu na mwaka 1330, kabla hajashuka Mogadishu, Mombasa na Kilwa, akaeleza mji usio na mimea wala maji ila mabirika ya mvua, na Waarabu wa nje ya mji walikuwa wanawakatia wenyeji maji mpaka wapewe pesa na nguo. Hapo kwenye nguo huwa nacheka.

chumvi_kidogo:
Msiwasahau Waingereza. Waliiteka Aden 1839, mabirika mengi yakiwa yamefukiwa na vifusi, ofisa wao Playfair akayaibua 1854 wakaanza kuyafukua. Playfair huyohuyo ndo baadaye akawa konsuli Zanzibar! Na Coghlan, ofisa mwingine wa Kiingereza ambaye birika jingine kubwa lina jina lake, ndo aliongoza tume ya 1860 kwenye ule ugomvi wa Zanzibar na Oman baada ya Seyyid Said kufa. Inasemekana mabirika yalikuwa kama 53, yamebaki 13 hivi, jumla yanabeba galoni kama milioni 19. Ila waliharibu, walitaka maji ya kunywa tu, wakabadili mpangilio, ramani ya wazee ikapotea na maji hayakutosha, wakaishia kuchemsha ya bahari na kukinga mvuke wake.

fundi_mawe:
Mzee kumlaumu Mwingereza kwa kila kitu ni rahisi mno, asingefukua hata hizo picha tusingekuwa nazo. Ila kweli, ukikarabati kitu cha kuzuia mafuriko kama vile ni tangi la kunywea, lazima utakosea.

Kibaraza_cha_nje:
Asanteni sana. Kwa hiyo leo hayana kazi?

nahodha_mstaafu:
Watu wanaenda kutembea na kupiga picha, pana bustani. Lakini huko juu njia za maji zimejengwa na kuzibwa, mtiririko si ule tena, na mafuriko ya Aprili 2020 yaliipiga Crater vibaya, magari yakasombwa barabarani. Ukiona kwenye picha zako birika la duara, liko chini kuliko yote, hilo ndo la Playfair.