Tulilipia "siku nzima milimani Taita", tukapata nusu saa sokoni Wundanyi

Ndugu zangu wa Malindi, nimekaa na hasira hizi tangu Jumapili. Leo nimeona tangazo la safari ile limerudishwa, picha ile ile, tarehe mpya, nikasema hapana, wacha watu wajue. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua.

Tangazo lilisema: Taita kwa siku moja, kupanda kilele cha Vuria, kuona Kilimanjaro kwa macho yako, chakula ndani ya bei, 4,500 kwa kichwa. Nikatuma 9,000, yangu na ya mama. Mama ameuza mboga sokoni hapa miaka na miaka, kabichi nyingi anazopokea zinashuka kutoka huko, na hajawahi kufika hata Voi. Akaenda mitumbani akanunua sweta. Sweta, na joto hili la Malindi!

Nakiri kosa langu: ile picha ina ndovu wanapita mbele ya Kilimanjaro. Hiyo ni Amboseli jamani, ningeshtuka hapo hapo.

Gari lilikuwa liondoke saa kumi alfajiri. Lilikuja saa kumi na mbili na robo, bila hata samahani. Haya, tukapanda. Malindi mpaka Wundanyi, mji ulioko huko milimani Taita, ni karibu kilomita 300, na kila dereva wa huku anajua kwamba ukifika Mavueni unakata kulia, unapita Kaloleni, unatokea Mariakani, Mombasa huioni. Wao wakanyoosha mpaka Mtwapa. Kisa? Kuna abiria watano wa kuokotwa Bamburi na Nyali! Foleni ya Mtwapa mnaijua, sina haja ya kuieleza. Saa tano ndiyo kwanza tunaiacha Mombasa, tukaingia nyuma ya malori. Voi saa nane. "Chakula ndani ya bei" kikawa chapati mbili na soda moto, huku dereva na utingo wanaletewa pilau.

Sikatai, kutoka Mwatate kupanda ni kuzuri mno. Mashamba ya mkonge yanabaki chini yamenyooka mistari mistari, barabara inajikunja, masikio yanaziba, na lile joto la Voi linakatika ghafla. Migomba, maparachichi, mashamba ya matuta yamening'inia ubavuni mwa mlima. Upepo wa bahari hii hii yetu ndio unaofika kule, ukivigonga vile vilima unapanda na kugeuka ukungu na mvua, ndiyo maana nyika ya chini imekauka na juu ni kijani kitupu. Mama alifungua kioo, akatoa mkono nje, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe zinalala kwenye baridi." Anasema kabichi. Hicho ndicho tulichokifuata, na tulikipata kwa dakika kumi hivi.

Kisha gari likachemka. Nissan ya watu 14, tuko 16! Utingo kashuka na kidumu cha maji, jiwe kalitia nyuma ya gurudumu, kifuniko cha rejeta kakifungua kwa tambara, mvuke ukaruka hata akakimbia. Tukakaa pale nusu saa.

Wundanyi tukaingia saa kumi na nusu, gari likaegeshwa sokoni. Mratibu wa safari akageuka: "Jamani milima ndiyo hii, pigeni picha tuondoke." Vuria je? Vuria ni mita 2,208, ndicho kilele kirefu kuliko vyote Taita, na gari lenyewe limeshindwa na lami. Msitu wa Ngangao? Muda umekwisha. Kilimanjaro? Akanyoosha kidole kwenye ukungu: "Iko hapo nyuma, dada."

Hapo nyuma!

Mzee mmoja muuza ndizi alicheka akatuambia, wanangu, kuuona ule mlima mtu analala huku, anaamka alfajiri kabla mawingu hayajajifunga. Basi walijua. Mtu anayetoka Malindi alfajiri atafikaje Vuria alfajiri hiyo hiyo? Safari hiyo haikuwahi kuwezekana tangu siku walipoiandika, hata gari lingekuwa jipya.

Kushuka ndiko kulikonitoa roho. Jioni inaingia, ukungu umetanda, na dereva kakanyaga breki kona ya kwanza mpaka Mwatate badala ya kushusha gia. Harufu ya breki kuungua ikajaa gari zima. Mama kashika tasbihi, macho kafumba. Nilipomwambia dereva atie gia ndogo akanijibu, "Dada, mimi nimezaliwa garini." Nyumbani tumefika saa nane usiku.

Nilipodai pesa, mratibu akasema hairudishwi kwa sababu ya "hali ya hewa". Nikamuuliza, hali ya hewa ndiyo iliyokwenda kuokota watu Nyali? Akanifungia namba.

Nataka nusu ya pesa yangu, si zaidi. Mliokuwa kwenye gari lile jitokezeni hapa, hasa yule kaka wa kiti cha mbele aliyerekodi kwa simu lile gari likichemka. Na mwenye kujua nyumba safi ya kulala Wundanyi, isiyo na ngazi nyingi, aniandikie. Mama kaikunja sweta kaiweka juu ya kabati, na hataki niitie sandukuni.