Maktaba yangu inaita sudo ndani kwa ndani, nimekwama

MizaniMbale: Habari zenu wakuu. Nimeandika maktaba ndogo ya Python (msimbo wa kutumiwa na programu nyingine) ya kusoma uzito kwenye mizani ya kahawa hapa Mbale. Mizani inaingia kwenye Raspberry Pi 4 kwa waya wa USB, yaani /dev/ttyUSB0. Mwanzoni nilinyimwa ruhusa, nikapita njia ya panya: maktaba yenyewe inaita `sudo chmod 666`, yaani inachukua mamlaka ya msimamizi (root) na kumfungulia kila mtu kifaa hicho. Halafu umeme ukikatika saa inabaki nyuma, risiti zinatoka na tarehe ya jana, nikaongeza `sudo date -s` ya kuweka saa. Kwangu sudo haiulizi nenosiri, kwa hiyo raha tupu. Jana nimeifunga kwa mteja Kapchorwa kama huduma ya systemd, inayowashwa na mfumo wenyewe bila mtu: kila ikiwaka inakufa, sudo inalalamika haina terminali ya kuulizia nenosiri. Wakulima wamepanga foleni na magunia. Niendeshe programu nzima kama root yaishe?

FundiArua: Hapana kaka! Mimi nikikuta maktaba inaita sudo naifuta papo hapo. Aliyeisakinisha hakukupa ruhusa hiyo. Isitoshe, chmod yako inapotea kila waya ukichomolewa, maana udev, inayosimamia vifaa kwenye Linux, inaunda faili la kifaa upya. Weka mtumiaji wa huduma kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya vifaa vya namna hii, mara moja tu, wakati wa kusakinisha:

`sudo usermod -aG dialout mizani`

Kisha anzisha huduma upya. Maktaba ikikosa ruhusa itupe PermissionError na kusema kundi gani linahitajika. Basi.

DadaSeva: Na saa si kazi ya maktaba. Pi 4 haina betri ya saa. Penye intaneti systemd-timesyncd inairekebisha yenyewe. Pasipo intaneti nunua kidude cha saa chenye betri, DS3231, ongeza `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` kwenye config.txt.

Kijana_Jinja: Si apige tu `setcap cap_sys_time+ep` kwenye python3, ipate uwezo wa kubadili saa?

DadaSeva: Mdogo wangu, hapo kila skripti ya Python kwenye mashine hiyo, ya yeyote yule, itaweza kuchezea saa. Na kabla hujaniuliza: setuid (alama ya kuendesha faili kwa mamlaka ya mwenye faili) kwenye faili la .py Linux inaipuuza.

MizaniMbale: Na siku nikihitaji kweli uwezo wa root?

FundiArua: Tenga hicho kipande. Huduma ndogo peke yake, yenye `AmbientCapabilities=` ya uwezo mmoja tu, inapokea ombi la aina moja kupitia soketi ya Unix (njia ya programu kuongea ndani ya mashine moja) na kukataa mengine yote. Maktaba inaomba tu. Hata hicho kipande kiandike kifupi, ukisome mara tatu: pkexec, programu ya kuendesha amri kama root, iliandikwa kwa kazi hii hii, na tundu lake la usalama la tangu 2009 lilitangazwa Januari 2022.

MizaniMbale: Dialout imekubali! Nilipoteza nusu saa kwa kusahau kuanzisha huduma upya, na mzee umeniambia kabisa. Gunia la kwanza limesoma kilo 61.4. Saa nimemwachia timesyncd, DS3231 naifuata Kampala Jumatatu.

FundiArua: Na zile sudo umezifuta?

MizaniMbale: Nafuta sasa hivi mzee.